Pete ya Bati Isiyotaka Kutulia

Halyna Dmytruk aliinua chupa usawa wa taa, akaitazama, akaitikisa, kisha akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayejizuia asiipige ukutani. Asubuhi ile kilichokuwamo kilikuwa chekundu na chepesi kama divai. Sasa kilikuwa uji. Uji wa rangi ya chungwa, mzito, unaovutika ukiuchota kwa kijiti, na kabla ya saa ya kula ungekuwa umeganda kabisa.

"Imejifungua tena?" aliuliza Corin kutoka upande wa pili wa meza.

"Usianze."

"Namuulizia mzazi hali tu. Mtoto wa kike au wa kiume?"

"Corin, nimesema usianze. Nina kioo mbele yangu."

Corin Leduc akainua mikono kuomba amani, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu ambazo kila mtu pale maabarani aliziona ni hatari karibu na moto, na alitokea Sudbury, mji wa migodi, ambako baba yake na babu zake wote walichimba madini. Yeye alikuwa akisema ndiye wa kwanza katika ukoo kurudisha chuma ndani ya kitu badala ya kukitoa.

Na kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya maabara ile, ghorofa ya nne ya jengo kuukuu la kemia jijini Toronto: kutengeneza plastiki yenye chuma ndani yake. Si plastiki iliyochanganywa na vumbi la chuma, la. Ni mnyororo ambao kila pingili yake imebeba atomu ya chuma. Unaanza na molekuli ndogo: atomu ya chuma imebanwa katikati ya visahani viwili bapa vya kaboni, kama nyama katikati ya vipande viwili vya mkate. Ukivifunga vile vipande upande mmoja kwa atomu nyingine, vinalazimika kuinama, upande huu vimebanana, upande ule vimeachama, na kitu kizima kinakaa kwa taabu kama springi iliyokandamizwa. Hiyo ndiyo pete. Ipashe moto, springi inafyatuka. Pete inafunguka na kumdaka jirani, jirani naye anafunguka na kumdaka wa pembeni yake, mpaka mrija mzima umekuwa minyororo mirefu, yaani polima.

Corin alifunga pete zake kwa silikoni. Zilitoka fuwele nyekundu, nzuri, tulivu. Alizitia kwenye mrija wa kioo usio na hewa, akauziba mdomo kwa moto, akautia kwenye tanuri lililopita joto la maji yanayochemka. Kesho yake unaugeuza mrija juu chini na hakisogei kitu. Kila mgeni aliyetembelea maabara alionyeshwa mrija wa Corin.

Halyna alifunga zake kwa bati. Na pete za bati hazikungoja tanuri. Joto la chumba tu liliwatosha hao mabibi. Ukizifunga asubuhi, mchana zimeshafunguka zenyewe, zimeshikana, zimekuwa donge.

"Mimi nisingelalamika," Corin aliwahi kumwambia. "Polima inajipika yenyewe. Wewe unakunywa kahawa."

"Polima ya nini? Nani anajua ni ya nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na tatizo hilo lilitamkwa wazi Ijumaa moja ya Januari, kwenye mkutano wa kila wiki, na Profesa Alasdair Penhale mwenyewe. Alikuwa Mwingereza mpole, mwembamba, mwenye kikombe cha chai kilichokuwa kama kiungo cha mwili wake. Wote walimwita Alasdair. Ukimwita Profesa aligeuka kutazama nyuma kama kuna mtu mwingine ameingia.

"Unasema pete ilikuwepo," alimwambia Halyna. "Nani ameiona?"

"Rangi yake ni ile ile nyekundu ya pete za Corin."

"Rangi si ushahidi."

"Na baadaye inakuwa ya chungwa na kuganda, kama zake."

"Au vipande vyako vinaungana vyenyewe, kimoja hiki, kimoja kile, tangu mwanzo, bila kupita kwenye pete hata mara moja." Akanywa chai. "Huenda hujawahi kutengeneza pete, Halyna. Huenda una mnyororo mfupi tu uliotokea hovyo. Niletee fuwele moja. Tuipige eksirei, tuone kila atomu imekaa wapi. Bila hivyo sina la kuandika."

"Nitaleta."

"Umesema hivyo tangu kiangazi." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Tufanye hadi Pasaka. Ikishindikana, utaingia kwenye silikoni, umsaidie Corin."

Corin alikuwa anaitazama meza kana kwamba imeandikwa kitu. Halyna alihisi masikio yanawaka. Alikuwa mwaka wa nne wa uzamivu. Miaka miwili kati ya hiyo alikuwa amempa bati. Kumsaidia Corin! Kumshikia mirija!

"Sawa," alisema, na sauti ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Basi, adui alijulikana: joto. Kuchanganya kwenyewe hakukuwa shida, maana chupa ilikaa ndani ya ndoo ya barafu kavu, iliyo baridi mno kuliko barafu ya maji. Shida ilikuja baadaye, pale pete zilipotakiwa kuchujwa, kuondolewa chumvi, kukaushwa. Hapo chupa lazima itoke kwenye ndoo, ipite mikononi, ikae mezani. Na meza ile ilikuwa mbele ya dirisha, na chini ya dirisha lilikuwapo bomba la mvuke la kupashia nyumba, limeungua rangi kwa moto wake. Nje watu walitembea wamejifunika hadi pua, pumzi zao zikiganda kwenye mitandio. Ndani, wanakemia walivaa fulana chini ya makoti meupe na bado walitoka jasho.

Alipiga simu kwa mafundi wa jengo kutwa nzima. Mwishowe alikuja Bwana Bettencourt, mtu mzima kutoka visiwa vya Azori, na funguo zilizolia kiunoni kama njuga. Alipiga magoti, akaligusa bomba kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka.

"Moto," alisema.

"Najua ni moto. Ndiyo maana nimekuita."

"Hii valvu imekufa, binti. Ilikufa kabla mimi sijaajiriwa hapa."

"Si uibadilishe?"

"Nikiigusa itavunjika. Ikivunjika nazima mvuke wa jengo zima, na profesa wako atafundisha amejifunga blanketi."

"Basi nifungulie dirisha."

Bettencourt akaigonga fremu ya dirisha. Lilikuwa limepakwa rangi tabaka juu ya tabaka mpaka mbao na fremu vikawa kitu kimoja. "Hili nalo limekufa," alisema.

"Bwana Bettencourt, nje kuna baridi ya kuua mbwa mwitu, na mimi humu ndani nimekosa ubaridi wa kukaushia chupa moja! Unaona ni sawa?"

Mzee akacheka mpaka funguo zikalia. "Nchi ya ajabu hii. Wengine wananipigia simu wanatetemeka, wewe unanipigia unaungua. Nitapeleka jina lako kwa wakubwa."

Wakubwa hawakujibu. Halyna akaenda jengo la jirani, kwa watu wa baiolojia, waliokuwa na chumba kizima kama jokofu, unaingia na koti. Mwanafunzi aliyekuwa na zamu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza atatumia kimiminika gani.

"Chepesi tu. Kinakauka haraka."

"Kinashika moto?"

"Kinashika," Halyna alikiri.

"Dada, hiki chumba hakina pa kutolea hewa. Cheche moja ya feni, na mioyo ya ng'ombe niliyohifadhi humu yote inaiva, mimi na wewe tukiwa kitoweo. Hapana."

Alikuwa na haki, na Halyna alijua ana haki. Yule mwanafunzi angekuwa mjinga, angeweza kumchukia kwa raha. Alirudi kwenye theluji akipiga teke kila rundo alilokutana nalo.

Jumamosi iliyofuata alifika maabarani akakuta kimya, hakuna mtu. Akafungua sanduku la vifaa la Corin, akatoa nyundo na patasi. Alianza kwa adabu, akikwangua rangi pembeni mwa fremu. Baada ya muda adabu ikamwisha. Alipiga kama mtu anayedai kitu chake. Vipande vya rangi ya enzi za mfalme fulani viliruka hadi kwenye nywele zake, mbao ikalia, na ghafla dirisha likapanda, na baridi ya Toronto ikaingia nzima nzima kama mgeni aliyekuwa akibisha miaka.

Lo! Ilikuwa tamu. Alivaa koti la nje juu ya koti jeupe, akasogeza chupa zake karibu na dirisha, akafanya kazi huku vidole vikifa ganzi. Alichuja. Alikausha. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze bati, rangi haikubadilika. Ilibaki nyekundu, nyekundu ile ya kweli, na kwenye ukuta wa kioo, alipoinamisha chupa, zilianza kuonekana chembe ndogo zinazometa. Hazikutosha kupiga eksirei, zilikuwa kama vumbi la sukari. Lakini zikikaa kwenye jokofu siku chache zingekua.

Alizitia kwenye jokofu la maabara, akafunga mlango wake kwa uangalifu wa mama anayemlaza mtoto. Alitaka kufanya chupa ya pili jioni, kwa hiyo dirisha aliliacha wazi. Corin alipita kuchukua glavu zake, akaona zile chembe, akampigia saluti, na wakaenda pamoja kula mchuzi wa njegere na soseji kwenye mgahawa wa kona. Walikaa sana. Halyna alikuwa anaongea bila kupumua. Alikuwa amesahau mara ya mwisho kuongea hivyo.

Waliporudi, Bettencourt alikuwa mlangoni, suruali imelowa hadi magotini.

"Nani kafungua dirisha?" aliuliza. Hakuwa akicheka.

Bomba jembamba la maji ya sinki lilipita ukingoni mwa dirisha, ambako joto la bomba la mvuke halikufika. Upepo ulilipiga moja kwa moja, likaganda, likapasuka, na maji yakamwagika chini ya meza, yakatafuta njia, yakaipata, yakashuka ghorofa ya tatu.

"Chini kuna nani?" Halyna aliuliza, ingawa alijua. Kila mtu alijua.

Chini alikuwako Daktari Ingeborg Haslund na mashine yake ya eksirei. Katika chuo kizima, yeye peke yake ndiye angeweza kumpigia picha ya fuwele.

Mashine yenyewe ilinusurika, maana ilikaa upande wa pili wa chumba. Maji yalimwagikia meza ya Haslund, kiti chake, makaratasi yake, na jozi ya buti za manyoya alizoziacha chini ya meza, nazo zikajaa hadi shingoni. Halyna na Corin walifyonza maji kwa matambara hadi mikono ikakunjamana. Na kwa sababu maji yalikuwa yamefika kwenye swichi za ukutani, Bettencourt alizima umeme wa upande ule wote hadi Jumatatu.

Upande ule wote. Jokofu lilikuwa upande ule.

Halyna alilikumbuka Jumapili akiwa kitandani, akaketi ghafla, akavaa, akakimbia njia nzima hadi kwenye jengo. Mlinzi alimrudisha. Jumatatu asubuhi alilifungua. Ndani kulikuwa na joto la chumba, na kwenye chupa kulikuwa na donge la rangi ya chungwa.

Hakulia. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu, akalitazama lile donge mpaka Alasdair akaja kusimama mbele yake na kikombe chake.

"Ulitumia nyundo?" aliuliza.

"Na patasi."

"Naona. Nenda chini ukaombe radhi. Leo. Kabla hajaja yeye."

Haslund alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana. Alikuwa anakausha buti moja kwa mashine ya kukaushia nywele, na hakuizima Halyna alipoingia.

"Wewe ndiye mvua?" alipaza sauti.

"Ndimi. Daktari Haslund, nimekuja kuomba radhi. Nilifungua dirisha, sikufikiri..."

"Nimekulia Tromsø, kwenye theluji. Huko hata mtoto wa miaka mitano anajua kufunga dirisha."

"Ndiyo."

"Buti hizi alininunulia marehemu mume wangu."

Halyna alisimama pale akisikiliza mashine ikivuma ndani ya buti, mpaka Haslund akasema, "Nenda," naye akaenda.

Jioni ile mama yake alipiga simu kutoka Winnipeg, kama kila Jumatatu.

"Donyu, binti yangu, sauti yako imekuwaje?"

"Nimechoka tu, Mamo."

"Hicho kitu unachotengeneza, kwani kinafanya kazi gani?"

"Bado hatujui."

"Miaka minne?"

"Mamo, tafadhali."

"Siulizi kwa ubaya. Jirani kaniuliza, nikamwambia unatengeneza plastiki. Kaniambia plastiki mbona ipo."

Halyna alicheka, na kicheko kikageuka katikati kuwa kitu kingine, na mama yake akamsubiri. Kisha akamwambia kwamba shule aliyosoma ilikuwa inatafuta mwalimu wa kemia, na kwamba chumba chake kipo. Halyna alisema atafikiri. Na alifikiri kweli, wiki nzima, akiosha vyombo vya kioo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Ilikuwa katika kuosha huko ndipo alipokutana na chupa ya majira ya vuli yaliyopita. Ilikuwa nyuma ya kabati, na kikaratasi chenye mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameisahau. Atomu ya bati iliyofunga pete ilikuwa na mikono miwili ya ziada iliyoning'inia nje, na siku zote Halyna aliipa mikono midogo kuliko yote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Vuli alijaribu mara moja kuipa mikono minene, mafundo makubwa ya kaboni, akidhani pete za jirani zitashindwa kuisogelea na kuidaka. Hakukutokea kitu. Mchanganyiko ulibaki vile vile alivyouweka, akaumwaga.

Sasa alisimama na ile chupa tupu mkononi, maji yakitiririka kwenye sinki, akajiuliza swali ambalo hakujiuliza vuli. Kwa nini hakukutokea kitu? Aliuweka kwenye barafu kavu. Ulikaa kwenye barafu kavu tangu mwanzo hadi alipoumwaga. Mikono minene ni mizito kusogea. Kwa baridi ile, bati halikupata hata nguvu ya kuanza.

"Mimi mpumbavu," alisema kwa sauti.

"Nani kakataa?" Corin akaitika, kisha akaona uso wake. "Samahani. Kuna nini?"

"Nimekuwa nikilichukia joto kiasi kwamba sikuupa mchanganyiko hata kidogo. Ile ya vuli haikushindwa, Corin. Niliigandisha. Ilihitaji kupandishwa polepole, hadi kwenye barafu ya kawaida tu."

"Kwa hiyo ulimfunga jela mtu asiye na kosa."

"Na nikamhukumu kifo. Nimeumwaga wote!"

Alikuwa na hasira ambayo hakuwa na wa kumpa, kwa sababu aliyekosa alikuwa yeye. Hakwenda Winnipeg. Alianza upya, kwa mikono minene. Mchanganyiko aliuacha upate joto kutoka barafu kavu hadi barafu ya maji taratibu mno, akikaa karibu yake na kitabu asichokisoma. Ukawa mwekundu. Akauchuja mezani pale pale mbele ya bomba la mvuke, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Akausubiri umsaliti. Aliongea nao. Aliutukana kwa Kiukreni, maneno ya babu yake. Saa ya kula ilipofika ulikuwa bado mwekundu. Alipotoka nyumbani kesho yake alijiandaa kukuta uji, akakuta mwekundu. Hata joto la chumba kile halikuutikisa.

Fuwele zilikua kwenye jokofu, ndefu, nyembamba kama punje za mchele. Ilibidi azipeleke chini.

"Umekuja na mwavuli?" Haslund aliuliza.

"Nimekuja na fuwele."

Haslund alizitazama kwenye darubini kwa muda mrefu. "Mapacha," alisema. "Hizi ni mbili mbili, zimeota zimeshikana. Mashine itachanganyikiwa. Kuza nyingine."

Akakuza nyingine. Hizo zilipasuka pale zilipokutana na upepo wa nitrojeni baridi wa mashine. Akakuza nyingine tena, zikawa nyembamba kupita kiasi. Kila mara alishuka ngazi akiwa na matumaini na kupanda akiuma meno, na kila mara Haslund alikuwa na neno moja tu la kumwongezea: "Polepole. Unakuza kama mtu aliyeacha sufuria jikoni." Kuna siku Halyna alisimama kwenye ngazi katikati ya ghorofa mbili, akapiga ukuta kwa kiganja mpaka mkono ukamwasha, kisha akaendelea kupanda.

Wiki moja kabla ya Pasaka Haslund aliinamia darubini kwa muda. Alichukua kijiti chenye gundi, akadaka punje moja, akaifunga kwenye mashine, akasema, "Toka, usinipumulie."

Mashine ilifanya kazi siku kadhaa. Kisha simu ya maabara ikalia na sauti ikasema "Shuka" na kukata.

Kwenye skrini kulikuwa na mchoro wa vidoti na vijiti. Chuma katikati. Visahani viwili vya kaboni. Vimeinama, upande mmoja umebanana, mwingine umeachama; na pale vilipobanana, vikiwa vimefungwa na atomu moja kubwa yenye mikono miwili minene: bati.

"Hii ndiyo pete yako," alisema Haslund. "Ipo. Ila haikuinama sana kama ya yule kijana mwenye ndevu. Ya kwake imepinda zaidi, na bado ndiyo inayongoja tanuri. Yako ya mikono midogo, bila shaka imepinda hivi hivi, inafyatuka mezani. Kwa nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Inanikera." Lakini alikuwa anaitazama skrini kwa jicho la mtu aliyepewa zawadi, na alipompa Halyna karatasi ya mchoro alimshika bega, kidogo tu, akaachia.

Halyna alipanda ngazi mbili mbili. Alasdair aliweka kikombe chini, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona, akaishika karatasi kwa mikono yote miwili.

"Safi sana," alisema. "Safi sana, Halyna. Nilikosea." Akaigeuza, akaigeuza tena. "Zimebaki ngapi?"

"Zipo kama kijiko kimoja."

"Basi zichome."

"Nini?"

"Zitie kwenye mrija, ziba, peleka kwenye tanuri. Umeonyesha pete ipo. Bado hujaonyesha kwamba inafunguka."

Halyna alimtolea macho. Nyuma yake alisikia kiti cha Corin kikikoma kulia.

"Alasdair. Miaka miwili nazuia kitu hiki kisifunguke."

"Najua."

"Nimevunja dirisha. Nimejaza maji kwenye buti za mjane. Sasa nimekipata kimetulia, kwa mara ya kwanza kimetulia, unaniambia nikakifyatue?"

"Ndiyo," alisema Alasdair, na kidogo alionekana kuona haya. "Samahani. Ndiyo kazi yenyewe."

Aliziba mrija mwenyewe, hakumpa mtu. Corin alimpa tanuri bila utani wowote, hata akalifuta vumbi. Halyna alilipandisha hadi joto la maji yanayochemka, akaamini litatosha na kubaki. Kitu kilichokuwa kikifunguka mezani kitashindwaje mle ndani? Fuwele ziliyeyuka, zikawa kimiminika chekundu kizuri. Akauinamisha mrija: kikakimbia kama maji. Baada ya chakula cha mchana: kama maji. Kesho yake asubuhi: kama maji.

"Haitaki," alisema.

Corin alikuwa ameufunika mdomo kwa ndevu na mkono.

"Cheka. Cheka tu, utapasuka."

"Sicheki. Ila ulikuwa unasema inafunguka ukiitazama vibaya."

Alipiga teke kigoda, kikabingirika hadi mlangoni. Mikono ile minene iliyozilinda pete na chumba sasa ilikuwa inazilinda na tanuri. Akaongeza joto. Hakukutokea kitu. Akaongeza tena, hadi pale Corin alipokuwa akichomea zake, kisha akapapita, akijua kwamba mrija ukipasuka hakuna fuwele nyingine, na kwamba Pasaka ni keshokutwa. Alikaa mbele ya kidirisha cha tanuri na mikono kwapani. Alipouinamisha tena kwa koleo, kimiminika kilichelewa. Kilisogea kwa uvivu, kama asali. Mchana hakikusogea tena.

Aliuvunja mrija ndani ya taulo. Donge liliingia kwenye kiyeyusho likakaa pale saa nzima bila kuonyesha nia, kisha likaanza kulainika pembezoni, na hatimaye likayeyuka lote isipokuwa kipande kama kucha kilichovimba na kukataa. Alipolimimina taratibu kwenye kimiminika kingine, zilijitokeza nyuzi za rangi ya chungwa, zikining'inia ndani ya kioo. Siku hiyo hiyo Corin alizipeleka kwenye mashine ya kupimia urefu wa minyororo, akarudi na jibu: minyororo mirefu. Si mirefu kama ya silikoni, lakini mirefu, haina ubishi.

"Si ya hovyo," alisema Corin. "Ni pete, na zimefunguka kwa moto. Hongera, dada."

Halyna aliitikia kwa kichwa. Alitegemea kuhisi kitu kikubwa zaidi. Alichokihisi ni kwamba miguu inamuuma na kwamba kipande kile kama kucha kimekataa kuyeyuka, na mtu atakuja kumuuliza kwa nini.

Alasdair alisoma jibu akiwa amesimama. "Mirefu," alisema. "Vizuri sana. Hiki kilichobaki bila kuyeyuka ni nini?"

"Sijui bado."

"Na ukirudia, itatoka hivi hivi?"

"Fuwele zimekwisha zote."

"Basi itabidi uanze na kuzikuza tena." Akatabasamu. "Rudia mara moja, tuwe na hakika, halafu tuandike. Jina lako litakuwa la kwanza."

Halyna alivua koti jeupe, akalitundika. Kwenye ngazi alikutana na Haslund, buti miguuni, anapanda kwa haraka.

"Nimepata wazo," alisema Haslund. "Kuhusu ile pembe ya pete kuinama. Nataka kupiga picha nyingine, kwa baridi zaidi. Nipe fuwele moja nzuri."

"Nimezichoma."

"Zote? Hukubakiza hata moja?"

"Hata moja."

Haslund alisema neno fupi la Kinorwe ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Nitakuza nyingine," alisema Halyna. "Polepole. Lakini si leo, Daktari. Jumatatu." Akampisha, akashuka ngazi zilizobaki, akatoka nje.